Kisanduku Nilichokiacha Kiungue

Sijamsamehe, na siandiki haya ili nimsamehe. Naandika kwa sababu watu wa Kibondo wana habari yao kuhusu mimi na ile radi, na mimi nina yangu.

Nilikuwa nasimamia rauta za maduka ya bosi wetu. Rauta ni kile kisanduku chenye taa kinachokaa ukutani na kuleta mtandao. Kikizimika, kompyuta ya mauzo haiongei na ile ya Kasulu, na mteja wa mabati anasimama kaunta anakukodolea macho kana kwamba wewe ndiye umemnyima nyumba. Bosi anauza vifaa vya ujenzi. Duka kubwa lipo Kasulu, la pili Kibondo, na kaduka kadogo Nyakitonto. Mimi ni wa kidato cha nne tu, kazi niliijulia mikononi. Rauta ikigoma kabisa, kuna katundu nyuma yake. Unachokonoa kwa pini, inasahau kila kitu, halafu unaifundisha upya: hili ndilo jina la duka, hili ndilo neno la siri, njia ya Kasulu ni hii. Nilikuwa nafika kwenye duka limekufa, naondoka linaongea. Niliipenda kazi ile kuliko nilivyowahi kumpenda mwanaume yeyote.

Fundi mwenzangu alikuwa kijana wa Munanila. Tulianza siku moja, tulikula sahani moja. Tumbo langu lilipokuwa kubwa aliniita mama kijacho, nikacheka. Nilipolazwa kujifungua, yeye akaenda Nyakitonto, akachokonoa ile rauta, ikasahau kila kitu, akaondoka bila kuiwekea neno la siri. Gulio zima likajaa kwenye mtandao wa bosi. Watu walileta viti kabisa, wakakaa nje ya duka kuangalia mpira. Bosi alipouliza, akamwambia ni mimi, niliiacha hivyo kabla ya kwenda wodini. Akaongeza, "Bosi, mama anayenyonyesha akili yote iko kwenye ziwa."

Nilirudi na mtoto mgongoni nikakuta kazi haipo. Mimi Kibondo, kaunta, kupima misumari. Yeye Kasulu, ofisini, mbele ya kioo cha kompyuta kinachoonyesha rauta zote kwa nukta: ya kijani inafanya kazi, nyekundu imezimika. Nilimwambia bosi si mimi. Bosi ni mtu wa swala tano, hapendi kelele. Alisema, "Mwanangu, yaishe." Hayakuisha. Kila msumari niliopima niliupima kwa ajili yake.

Sasa, huku kwetu mvua ikikusanyika kila mtu anachomoa nyaya. Inkuba za milima hii, radi zenyewe, hazina mchezo. Redio inachomolewa, friji inachomolewa, kioo cha kujitazamia kinafunikwa kitambaa, na aliyevaa nguo nyekundu anaambiwa akae mbali na wenzake. Dukani Kibondo tulichomoa rauta pia. Na kila tukichomoa, kule Kasulu nukta yetu inakuwa nyekundu, na bosi anamuuliza fundi wake kulikoni.

"Mmezima tena?" fundi alipiga simu siku moja.

"Mawingu," nikamjibu.

"Mawingu, mawingu! Mnaishi karne gani nyie? Mama maziwa, mimi natakiwa nimuonyeshe bosi kijani."

Huyu ni mtoto wa Munanila! Mama yake, ngurumo ikilia tu, anazima hata jiko la mkaa. Alijua vizuri kuliko keshia wetu, kuliko mimi. Ila alishaonja kusifiwa kwa kijani.

Akaja Kibondo na kizimba cha nondo alichochomelesha Kasulu. Akakipigilia ukutani, rauta na plagi yake vikabaki ndani, akafunga kufuli na ufunguo akatia mfukoni. Akatugeukia, mimi na keshia.

"Atakayezima swichi ya ukutani nitamuona kwenye kioo. Bosi ameshasema huyo aende kwao."

Keshia, dada mmoja mpole lakini mdomo anao, akamuuliza, "Na radi tumwambie nini, aje na ufunguo?"

"Mwambieni aongee na mama maziwa," akasema, akacheka, akawasha pikipiki.

Mvua yenyewe ilikuja mchana, kutokea upande wa Burundi. Wingu lilikuwa jeusi la kibluu. Keshia alinitazama, akatazama swichi ya ukutani. Ilikuwa jirani na mkono wangu.

"Zima," akasema.

"Tumekatazwa."

"Dada, zima bwana."

"Bosi kasema asizime mtu."

Niliwatoa wateja wote upande ule. Nikamtoa keshia. Nikamchukua mwanangu kwa mama ntilie wa jirani, aliyekuwa ananishikia kila siku, nikampakata kwenye magunia ya saruji nyuma kabisa. Halafu nikakaa nikakiangalia kile kizimba. Taa zake za kijani zilikuwa zinapepesa, nzuri kweli. Nilijua kule Kasulu naye anaziangalia. Sikuomba kitu. Nilitii tu, kwa mara ya kwanza tangu aanze kunituma.

Mlio wa radi sikuusikia kama mlio. Duka lilikuwa jeupe, halafu lilikuwa na moshi. Mtoto alianza kulia kabla sijajua kama niko hai. Ukutani kizimba kilikuwa kimening'inia kwa msumari mmoja, na ndani yake kitu kama ugali ulioungua. Kufuli lilikuwa zima kabisa.

Mteja mmoja aliyekuwa amejibanza mlangoni alikuwa wa kwanza kusema. "Hii siyo ya Mungu. Hii imetumwa."

Huku mtu akinyang'anywa haki yake halafu radi ikapiga, hakuna anayeuliza habari za waya. Wanauliza nani ana kinyongo. Na kinyongo changu kilikuwa kinajulikana hadi stendi, maana sikuwahi kukificha. Jua halijazama, habari ilishafika Kasulu kwamba yule binti wa misumari amekwenda kwao kuchukua inkuba, ikapiga kisanduku kile kile, wengine wote wazima.

Kesho yake bosi alikuja mwenyewe na rauta mpya kwenye boksi. Peke yake.

"Fundi yuko wapi?" keshia akauliza.

"Anasema tumbo."

"Tumbo la radi hilo."

Bosi hakucheka. Simu yangu ikaita. Ni yule fundi. Nikaweka sauti kubwa, nikailaza juu ya kaunta.

"Dada," akasema. Siyo mama maziwa tena. "Dada yangu, mimi na wewe tulikula pamoja. Kama kuna kitu umefanya, nakuomba ukiondoe."

Ningeweza kusema sijafanya kitu. Maneno yalikuwa mdomoni. Nikayameza.

"Nyakitonto nani aliacha rauta wazi?"

"Dada, hayo ya zamani..."

"Huko Kasulu mawingu yakoje leo?"

Nikasikia anafunga dirisha. Kisha akasema yote, haraka haraka, kama mtu anayetapika: kwamba ni yeye aliyechokonoa, kwamba alisahau neno la siri, kwamba aliogopa kufukuzwa, kwamba mimi nilikuwa wodini siwezi kujitetea. "Nitamwambia bosi, dada. Siku nikipata nafasi nitamwambia."

"Nimeshasikia," bosi akasema.

Nikakata.

Bosi alikaa kwenye mfuko wa saruji, akavua kofia. "Lahaula. Mwanangu, niambie kweli. Wewe ndiye umeileta hii radi?"

"Bosi, mimi naomba kazi yangu."

"Nimekuuliza."

"Na mimi nimekujibu. Naomba kazi yangu, maduka yote, na kile kioo nikae nacho mimi. Nitaifunga rauta hii sasa hivi. Na mvua ikija, tutachomoa."

Alinitazama sana. Sijui hata leo aliamini nini. Akanisogezea boksi.

Nilikipata nilichotaka, na msidhani kilikuja bure. Mama ntilie hanishikii tena mtoto. Anasema mgongo unamuuma. Mwenye nyumba, bibi wa kunizaa mara mbili, asubuhi moja aliniinamia, akapiga makofi taratibu, "Mwakeye, mama," salamu ya asubuhi ya heshima, ninayopaswa kumpa mimi. Hapo ndipo nilipoogopa. Nilimwinua, nikamwambia bibi usinifanyie hivyo, naye akazidi kuinama. Nikahama kabla hajaniomba. Mwanangu anajifunza kutembea katikati ya ndoo za rangi dukani, na wateja wanampisha kama mtu mzima.

Wala sijaenda kuwaambia watu kuwa ni waya tu, na kufuli, na kijana aliyependa kijani. Wangeamini, na fundi naye angeamini, hofu yake ikaisha.

Yeye yupo Kasulu bado. Bosi ana huruma zake. Anapima misumari, na rauta ya duka kubwa ipo ukutani nyuma ya mgongo wake. Kioo ninacho mimi Kibondo. Mara nyingine huku jua kali, nukta zote kijani, ghafla ya Kasulu inageuka nyekundu, kabla hata tone halijadondoka. Nampigia.

"Kasulu, mbona mmezima?"

"Mawingu, dada. Yamekuja tu sasa hivi."

Simjibu upesi. Namwacha asikilize simu, na ngurumo juu ya bati lake.

"Najua," namwambia.