Zamu ya Mama Msituni

Harufu ya mafuta ya cheni hunirudisha Rågsved, mtaa wa Waswidi nilikokulia, hata nikiwa jikoni kwangu, nimeinamia baiskeli ya binti yangu na kitambaa mkononi. Narudi mwisho wa Machi, nina miaka kumi na moja, theluji imebaki vipande vichafu chini ya misonobari na vijia vya msituni vimelowa chepechepe. Timu yetu ya baiskeli za milimani ilikuwa ndiyo kwanza inatoka kwenye mazoezi ya ndani ya majira ya baridi. Matope yaliturukia hadi menoni, nasi tuliyapenda. Kila Jumamosi mzazi mmoja aliendesha nyuma kabisa, asije mtoto akaachwa msituni. Mama yangu, mzaliwa wa Moshi na mhudumu wa wazee, hakujua kuendesha baiskeli. Basi zamu yake ilipofika nilimwambia kocha yuko kazini. Ilipofika tena, nikasema anaumwa. Lakini njia ya mwongo ni fupi: kocha akampigia simu kumpa pole.

Mama hakunifoka, na afadhali angenifoka. Alikuwa akimenya ndizi za supu ya mtori. Akaniuliza, “Unanionea haya, mwanangu?” Nikamjibu kwa Kiswidi, macho sakafuni, kwamba hajui kuendesha, sasa kule atafanya nini. Akasema, “Zamu ni zamu. Miguu ninayo.” Jumamosi ile akaja na mabuti ya mpira, kitenge juu ya koti na chupa ya chai ya tangawizi kwapani. Aliwapa mkono kocha na wazazi wote mmoja mmoja, kama yuko msibani, akaeleza kwamba atafuata kwa miguu. Kocha akakuna kichwa, akakubali, maana njia ya siku hiyo ilikuwa fupi. Wenzangu walicheka. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka, nikakanyaga pedali kwa hasira ili nimwache mbali.

Hata hivyo nilikuwa wa mwisho, kama kawaida yangu. Kwenye mteremko wenye kivuli barafu ilijificha chini ya majani. Tairi la mbele likateleza, nikaangukia mizizi. Goti lilichanika, cheni ikatoka, na wenzangu walikwisha kupinda kona. Msitu ukanyamaza. Niliogopa, nikalia, nikijua kwamba nyuma yangu hakuna mwingine ila yule niliyemkimbia. Mara nikasikia mabuti yakifyonza matope na mama akiimba wimbo wa kanisani huku akihema. Hakunikumbusha lolote. Alinifunga goti kwa kitenge, akanimiminia chai, akasema, “Mwenda pole hajikwai. Haya, rudishia cheni yako, mimi siijui.” Alinishikia baiskeli nikairudishia. Kisha nikamwomba radhi, kwa Kiswahili.

“Yamekwisha,” akasema, tukaikokota baiskeli pamoja hadi kwa wenzangu.

Siku hizi vijia vile vina vibao na madaraja ya mbao, na zamu za timu ya binti yangu wazazi tunapangiwa kwenye simu. Mama magoti yamemshinda, hafiki tena msituni, ila zamu yangu ikifika hunitengenezea chai ileile. Nikirudi huniuliza, “Hukumwacha mtu nyuma?” Namjibu sikumwacha. Simwambii kwamba nikifika kwenye mteremko ule husimama kidogo, nikageuka kutazama kama mama anakuja, ingawa najua wa mwisho ni mimi.