Nilivyoulizwa Afrika Mashariki ni nini, nikajibu kama mtoto wa reli

Wakuu, salamu kutoka Voi, joto ni lile lile.

Nimewasoma wiki nzima mkibishana humu nani ni wa Afrika Mashariki na nani amejipenyeza. Wengine mnahesabu bendera, wengine bandari.

Hilo swali niliulizwa mbele ya watu nikiwa darasa la saba, mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nawapa yote bila chumvi.

Kwanza mnijue. Mimi ni Mtaita wa Sagalla, lakini nilizaliwa Tororo, Uganda. Baba alikuwa fundi wa injini za treni, na wakati huo reli ilikuwa moja kwa nchi zote tatu. Leo yuko hapa, kesho anapata barua ya transfer, tunapanda treni na vyombo vyetu. Kaka yangu alizaliwa Tabora. Kitinda mimba peke yake ndiye wa Voi, na tulimcheka kwamba hajatembea.

Pale Voi, kwenye nyumba za reli, jirani wa kulia alikuwa Mchagga wa Moshi, wa kushoto Mganda. Mama alipika matoke, ndizi za Kiganda, vizuri kuliko vyakula vya kwao, na nyanya yangu wa Sagalla hakuwahi kumsamehe.

Sasa, shule yetu ikapanda Wundanyi kwa mashindano ya maswali. Fainali tukakutana na shule ya Wusi.

Wale watu wa milimani walishazoea kushinda, na walituita watoto wa stesheni. Maana yake, watu wasio na shamba wala kwao. Ilituuma sana. Mwalimu wetu alisema hata kikombe hakitaki, anataka tu wanyamaze.

Tukaenda sare mpaka swali la mwisho, likaniangukia mimi. Mkaguzi wa shule, mzee wa miwani mizito, akauliza: Afrika Mashariki ni nini, na uchumi wake unashikwa pamoja na nini?

Jibu la kitabu nililijua. Kenya, Uganda, Tanzania. Kahawa, pamba, katani, chai. Lakini baridi ya Wundanyi na macho ya watu vilinisahaulisha yote, nikasema kilichokuwa karibu.

"Ni mahali Baba anaweza kupewa transfer."

Ukumbi ukaangua kicheko. Mwalimu wangu akashika kichwa.

Mkaguzi hakucheka. Aliniuliza kama Ethiopia imo. Nikasema hapana, Baba hawezi kupelekwa huko. Rwanda je? Hapana pia. Akavuta kiti mbele, akaniuliza Zanzibar, maana huko hakuna treni.

Hapo nikaona nimekwisha. Halafu nikakumbuka rafiki yangu mmoja, babake alikuwa wa posta pale Voi, akahamishiwa Unguja na nyumba nzima. Nikasema Zanzibar imo, kwa sababu posta nayo ni ya wote.

Ndipo nahodha wa Wusi akasimama bila kuruhusiwa. Kijana mrefu, sweta ya kijani, mdomo mkali.

"Baba yangu ni mkulima," akasema. "Hakuna mtu anaweza kumpa transfer. Kwa hivyo yeye hayuko Afrika Mashariki?"

Wakuu, lile swali lilikuwa zuri na niliogopa. Nikikosa jibu, tunarudi Voi tukiwa watoto wa stesheni maisha yote.

Nikafikiria jukwaa letu la stesheni, Voi. Kabichi za Taita zinashushwa kwenye lori. Vitunguu na maharagwe vinaingia kutoka upande wa Moshi kupitia Taveta. Chumvi na samaki wakavu wanatoka Mombasa. Vyote vinakutana pale, vinabadilisha behewa, vinaenda kuliwa na watu wasiojua vilitoka shamba la nani.

Nikamwambia, "Babako anabaki, lakini kabichi zake zinapewa transfer kila wiki. Na ni sisi wa stesheni tunazipandisha treni."

Mzazi mmoja wa Wusi, mkulima mwenyewe, ndiye aliyeanza kupiga makofi. Ukumbi ukafuata.

Mkaguzi akasema kitabu kimetaja nchi na mazao, lakini huyu msichana ameeleza kwa nini ni kitu kimoja. Akatupa alama zote. Yule nahodha akaja kunipa mkono, akasema tumewaweza. Wacha niseme ukweli, nilijivuna mpaka Voi, na bado najivuna.

Miaka michache baadaye Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Reli ikagawanywa, kila nchi na yake. Kabla mpaka wa Taveta haujafungwa, jirani zetu wa Moshi wakafunga mizigo. Mama alilia kutwa nzima.

Baba aliwasindikiza akiwa na sare ya kazi, akabeba masanduku yao yeye mwenyewe. Treni ilipoondoka nikamuuliza kama sasa wale wamekuwa wageni.

"Wageni gani?" akasema. "Wamepewa transfer."

Kwa hivyo mimi, kabla ya kuhesabu nchi, nauliza nani anaweza kuhamia wapi na vyombo vyake, apokelewe na jirani, na jasho lake liuzike. Hapo ndipo eneo linapoishia, ramani iseme inavyotaka.

Haya, wa jibu la kitabu leteni, sijachoka kubishana. Na kama kuna mtoto wa reli humu aliyezaliwa stesheni ya mbali na kwao, ajitokeze, ataje stesheni yake.