Bawaba na Mlango Wake Mwenyewe

Shemeji yangu, mume wa dada, ni fundi wa milango. Mtaa mzima humwita Bawaba, na yeye huitika bila kinyongo. Karakana yake iko mbele ya nyumba, nami naishi kwao: meza ya kurandia, vitasa vimetundikwa ukutani, na harufu ya gundi ambayo dada alishachoka kuilalamikia.

Polisi wa kwetu wana mtindo wao. Mtu huwapigia simu kwa siri. Askari anamwapia hakimu kwamba amepata habari kwa mtu wa kuaminika, ambaye jina lake halitajwi kwa usalama wake. Hakimu anatoa hati ya upekuzi, na kesho yake asubuhi mlango wa mtu uko chini. Mara nyingi hawakuti kitu. Wakiondoka, anaitwa Bawaba.

Hapo ndipo midomo ilipoanza kazi. Mbona anafika mapema hivyo? Mbona anajua kitasa cha kila nyumba? Nani anafaidika milango ikivunjwa? Nilitamani kuwazaba vibao mmoja mmoja. Mtu karakana yake iko barabarani, gari la polisi linampita puani, achelewe ili iweje?

Kilichomkata maini ni mshonaji wa nyumba ya pili, rafiki wa dada tangu usichana wao. Mlango wake ulipovunjwa, aliupakia kwenye mkokoteni akaupitisha mbele ya Bawaba, kwenda kwa fundi wa mbali. Hakumsalimu. Tangu siku hiyo hakuna aliyeleta hata kitasa.

"Wangeniita mwizi, ningewaambia waje wapekue," shemeji alimwambia dada. "Sasa wananiita msaliti. Niwaonyeshe nini?"

Haukupita muda, wakaja kwetu. Dada alikuwa akipita ukumbini na ndoo ya nguo. Mlango ulipigwa kwa chuma, ukang'oka, ukamwangukia mkono. Askari akasoma hati huku dada anaugulia maumivu sakafuni: mtu wa kuaminika, aliyewahi kutoa habari za kweli mara kadhaa, ameona simu za wizi katika sanduku jekundu, uvunguni mwa kitanda cha Bawaba. Sandukuni walikuta patasi kuukuu na gauni la harusi la dada.

Majirani walijaa uani. "Kumbe na wewe wamekufanyia!" walimwambia, na mshonaji akalia waziwazi akiomba radhi. Kabla ya adhuhuri shemeji alikuwa na kazi mbili mpya.

Jioni tulirudi kutoka hospitali, mkono wa dada umefungwa plasta. Aliutazama mlango ulioegemezwa ukutani. Ulimi wa kitasa ulikuwa umerudi ndani, kama wa mlango usiofungwa.

"Asubuhi niliufunga kwa ufunguo," alisema. "Nani alifungua?"

Shemeji aliugusa ule ulimi wa kitasa. "Mimi."

"Kwa nini?"

"Ili wasiuvunje. Nilijua wanakuja. Niliwapigia mwenyewe, ili watu waone nami napekuliwa. Nilidhani utakuwa umeshatoka kwenda sokoni." Aliinamisha kichwa. "Hawakujaribu hata kushika kitasa, mke wangu."

Nilidakia. "Na hizo habari za kweli mara kadhaa, shemeji?"

"Sijawahi kuwapigia kabla ya jana. Hata jina hawakuniuliza."

Nilikaa chini. Nilikuwa na hasira naye, lakini niliikumbuka milango yote ile, na maneno ya kwenye hati ambayo kila aliyepekuliwa alitusimulia, yale yale, neno kwa neno. Kumbe yeyote anayepiga simu huandikwa mtu wa kuaminika; niliogopa kuliko nilivyoogopa asubuhi. Dada alichukua mto wake. Alikwenda kulala na mtoto wao.

Kesho yake mshonaji alikuja na mlango wake, uliokuwa umepachikwa vibaya na yule fundi wa mbali. Alimwachia Bawaba, akaja kukaa na dada, akaushika ule mkono wa plasta.

"Mpaka leo hamjamjua mbaya wenu?"

Pale mezani randa ilisimama. Dada alimtazama mumewe, naye akatazama chini kwenye maranda.

"Hatumjui," dada alisema. "Hata hakimu hakuuliza."

Kisha akaniomba nilete chai, vikombe viwili tu, chake na cha mgeni.