Kona Yenye Uzio

Kanisani kwetu Mansfield, huku ughaibuni, mwenzangu mmoja walimwita kabaila. Walidai kwamba malisho yake hayana mwisho. Mimi huamini nilichokiona kwa macho yangu, na hilo, kwa kweli, sikutaka kuliona. Alipotualika, mke wangu na mimi, baada ya ibada, nilikwenda nikiomba niwakute waongo.

Lango lilifunguka lenyewe. Nyasi ziliteremka hadi bwawani, na ng'ombe weusi wakatutazama kana kwamba tumekuja kuomba kibarua. Mtu huyu na mimi tuliuguza wagonjwa wodi moja, kwa mshahara uleule. Mimi nikanunua nyumba na kiwanja chake; yeye akanunua kila kilichoonekana.

"Unawakamua?" nikauliza.

"Kukamua! Hawa ni wa kodi, Mwalimu." Hadi leo huniita kwa kazi niliyoiacha Kenya. "Ukiwa na ng'ombe unatozwa kodi ndogo, kama mkulima. Ungefuga nawe, ila kwenye ua wako ng'ombe akigeuka, mkia unabaki kwa jirani."

Mke wangu alicheka hadi akashika mbavu. Mimi nilitazama bwawa.

Kisha akatupeleka kwenye kona iliyozungushiwa uzio wa chuma, nyasi zake zimekatwa vizuri. "Hapa tutalala, mimi na mama watoto. Kaunti haina neno. Na nafasi ipo, Mwalimu. Nanyi hamtakosa pahali."

Alisema kwa wema, na wema huo ndio ulionichoma. Baba yangu alikuwa skwota kwenye shamba la mlowezi, akazikwa humo kwa hisani ya mwenye ardhi. Shamba lilipouzwa, mnunuzi alilima juu ya kaburi lake. Hilo sikusimuliwa, nililiona nikiwa barabarani, nje ya uzio.

"Asante. Tutafikiri," nikasema.

"Tufikiri nini, baba watoto?" mke wangu akadakia. "Wewe unataka kuzikwa wapi, gereji?" Akamgeukia mwenyeji. "Shemeji, mimi nimekubali. Nipe upande unaotazama maji."

"Chagua, shemeji. Chagua mwenyewe."

Mke wangu akaingia ndani ya uzio, akapima kwa hatua pahali pake, kisha pangu, akiniita nije nione. Mwenye ardhi aliegemea uzio, akamwonyesha kwa kidole asogee kidogo, kwa kuwa alikuwa amekanyaga upande wa mwenyeji mwenyewe.