Bakuli la Mwenye Jumba

Mfuniko wa enameli ukigonga ukingo wa bakuli hulia kling, halafu hutetema kidogo, kama mtu aliyetaka kusema jambo akaghairi. Juzi, siku niliyohitimu shule ya jioni pamoja na mvi zangu, mama aliingia ukumbini na bakuli lake la maua mekundu. Alipolifunua, harufu ya mandazi ya iliki ikatanda, na naapa hata picha za ukutani zilimeza mate. Wenzangu wakala, wakacheka. Mimi nilikuwa nimeshaondoka pale. Nilikuwa na miaka tisa.

Ulikuwa mwaka wetu wa pili Husby, mtaa wa huko Uswidi, tumetoka Bukavu, mimi na mama tu. Siku moja nikarudi na barua ya shule. Mama hakusoma Kiswidi, kwa hiyo mimi ndiye nilikuwa mkalimani mkuu wa nyumba. Nikamsomea: tunakaribishwa kwenye jumba la kale nje ya mji, lenye vitu vingi vya kutazama, na kila mtoto aje na chakula.

"Nani anawakaribisha?"

"Mwenye jumba, nafikiri."

Mama akaona huyo mwenyeji si mtu wa kuficha haja zake. "Kwa watu hatuingiake mikono mitupu, mama," akaniambia. Alfajiri akakaanga mandazi hamsini. Ningesema mia, ila yeye mwenyewe atasomewa haya. Akayapanga katika bakuli lile lililovuka mipaka mitatu kichwani pake, akalifunga kitenge. "Umupe ye mwenyewe, na mikono mbili. Umwambie mama anamusalimia. Na bakuli langu lirudi."

Tulitembea wawili wawili, mmoja kamshika mwenziwe mkono. Darasa letu halikugawanyika sawasawa, na aliyebaki siku zote alikuwa mimi. Nikashikana mkono na bakuli.

Jumba lile, jamani! Saa za ukutani za kutosha kuamsha bara zima, kila moja na wakati wake. Ndege waliokaushwa wakinikodolea macho ya kioo. Kombe za baharini, vipepeo, na vikombe elfu kumi kabatini, wala hakuna aliyetuambia karibu chai. Kila mlango ulipofunguliwa nilinyoosha bakuli mbele, nikijua sasa ndiye. Mikono ilianza kuuma. Mwishowe nikamwuliza mwalimu wetu, Birgitta, mwenyewe atatoka saa ngapi.

Akainama. "Amekufa, mpenzi wangu. Kabla hata bibi yangu hajazaliwa."

"Kamletea mzimu keki!" Jonas akapiga kelele nyuma yetu, na darasa zima likaangua kicheko. Mpaka leo nina hakika bundi wa kabatini naye alicheka.

Wakati wa chakula wenzangu walikaa majanini wakibadilishana mikate. Mimi nilizunguka nyuma ya ukuta wa bustani, nikala mandazi saba, baridi, bila kuyasikia ladha. Yaliyobaki niliwapa bata wa bwawani, nao wakala kama waliotoka vitani. Kisha nikalitazama bakuli tupu, na hapo ndipo nilipoogopa kweli. Kwetu chombo kikienda na chakula hakirudi kitupu. Mama angefunua tu, angejua hatukupokelewa. Nikaokota matufaha yaliyoanguka chini ya miti, nikalijaza hadi juu.

Mama alikuwa mlangoni, koti la kazi bado mwilini. "Alisema nini?"

"Amefurahi sana. Anakusalimia."

Akafunua. Kling. Akaketi taratibu. "Aliturudishia," akasema.

Matufaha yale hatukula hata moja. Aliyapanga juu ya kabati, akawaonyesha watu wa kanisani, mpaka yakakunjamana kama vikongwe. Na kila Jumamosi aliuliza: mwenye jumba hajatuma barua nyingine? Nami nikajibu kwamba yuko mbioni, ana saa nyingi za kutia ufunguo. Au anaumwa mafua. Au ndege wake mmoja ametoroka.

Juzi, tulipokuwa tukifunga bakuli, nikaona miaka thelathini ya uongo inatosha. Nikamwambia: "Mama, yule mzee alikuwa amekufa."

"Kwamba hakukupokea, nilijua siku ile ile. Mwenyeji gani anampa mgeni matufaha yenye matope?"

"Sasa mbona uliniuliza kila Jumamosi?"

Wakati ule mama alisafisha nyumba za watu. Aliingia nyumba kumi kwa juma, zote kwa ufunguo, wenyewe wakiwa kazini. Alijua vitanda vyao na picha za harusi zao, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumfungulia mlango. Hilo sikuwa nimelifikiria mpaka alipolikaza fundo la kitenge, bila kunitazama.

"Nyumba zingine zote nilizijua kwa kufagia," akasema. "Ile moja tu ndiyo nilikuwa nasikia habari na salamu za mwenyewe."