Posa ya Saluki

Kazi yangu ni kuwaambia watu wangoje. Nipo katika idara inayotoa vibali, mwaka wa ishirini na mbili sasa, na najua namna zote za kumrudisha mtu nyumbani bila kumvunjia heshima: karatasi moja imepungua, muhuri hausomeki, mwenye kutia saini yuko safarini. Kwa hiyo nilipotaka kumchukua mbwa kutoka chama kimoja cha hapa Maskati kinachookoa mbwa wa aina ya saluki, nikakaa miezi mitano mimi ndiye ninayeambiwa ningoje, wenzangu ofisini walicheka mpaka wakatokwa na machozi. Mkuki kwa nguruwe, walisema.

Nilimwona mara ya kwanza Khuwair ya Kusini, siku niliyokwenda kung'oa gego. Jirani na kliniki pana duka la vyakula vya wanyama, na nje ya duka watu wa chama walikuwa wameweka meza, picha, na mbwa wanne waliofungwa kamba. Saluki ni mbwa mrefu, mwembamba, wa miguu ya paa. Waarabu wa jangwani wamewinda naye sungura tangu enzi za mababu. Watatu kati ya wale walikuwa wakirukaruka na kuomba vipande vya biskuti. Wa nne alikuwa jike wa rangi ya mchanga, mguu wake wa nyuma ulivunjika ukaunga upande. Alikaa akitazama barabara kana kwamba sisi sote tulikuwa tumemwaibisha. Nami nilikuwa nimesimama pale na pamba mdomoni, shavu limevimba. Sikumwonea huruma hata kidogo. Nilimpenda kwa kiburi chake.

Aliyekuwa ameshika kamba yake ni dada wa Kikenya ambaye ndiye mtunza mbwa wa chama hicho. Aliposikia Kiswahili changu alifurahi, ingawa nilikuwa nakitoa kupitia pamba.

"Huyu hakuna mtu anataka, mama," alisema. "Ni huo mguu. Tukikosa mtu wa hapa, atapelekwa Ulaya kwa ndege kabla joto lianze, sababu joto likianza ndege hazibebi mbwa."

Ilikuwa mwisho wa Novemba. Nilimwangalia yule mbwa wa jangwani, nikamfikiria anachechemea kwenye theluji, nikasema moyoni mwangu: haendi popote.

Fomu yao ilikuwa na kurasa sita. Mimi fomu hazinitishi, nakula nazo na kulala nazo. Niliijaza usiku uleule kwa mwandiko wangu wa ofisini. Ukurasa wa pili ulitaka niorodheshe watu wote wa nyumbani kwangu pamoja na umri wao. Nafasi haikutosha, nikaambatisha karatasi ya ziada. Niliwaandika wote kwa kujivuna: mama, kaka zangu watatu na wake zao, shangazi wawili, watoto wa kaka, wajukuu. Tulitimia ishirini na sita.

Baada ya wiki tatu jibu likaja kwa baruapepe. Wamesikitika, lakini ombi langu limekataliwa. Nilipiga simu hapohapo, na bahati yangu akapokea yule dada.

"Mama, samahani," alisema, nikasikia anapekua karatasi. "Hapa umeandika watu twenty-six. Kwani unakaa hosteli?"

"Hao ndio watu wa nyumbani."

"Na wote wanalala hapo?"

"Wanalala kwao. Kwangu wanakula Ijumaa."

"Aki mama. Walikuwa wanataka wenye wanaishi hapo tu. Wewe unaishi na nani?"

"Na mama yangu."

"Si ungeandika basi wawili! Umeweka watoto tisa wa chini ya miaka kumi, na huyu mbwa anaogopa watoto. Ndiyo maana walikataa."

Kosa lilikuwa langu, nakubali, lakini hata leo sijui ningelikwepa vipi. Kwetu mtu akikuuliza watu wa nyumbani kwako ukamtaja mama yako peke yake, umewakana ndugu zako. Dada akaniambia nijaze fomu mpya, nirudi mwisho wa foleni.

Nyumbani kwetu ni Al Khoudh, si mbali na chuo kikuu. Mama alizaliwa Unguja na mbwa aliowajua yeye ni koko wa mitaani waliokuwa wakimkimbiza akitoka chuo cha Kurani na juzuu yake kifuani. Tangu nianze kumtaja saluki alikuwa na neno moja tu. "Ndani haingii. Mate yake najisi, na miye mtu wa udhu." Kwa hiyo nilipomweleza kuwa tumekataliwa nilitazamia amshukuru Mungu. Badala yake aliweka kijiko chini.

"Wametukataa?"

"Wamekataa fomu, mama."

"Fomu kaandika nani? Si wewe? Na majina yetu sote umeyatia? Basi wametukataa sisi." Uso ulikuwa umemwiva. "Miye nimeposwa, dada zangu wameposwa, kaka zako wameposa, hapana hata posa moja ya ukoo huu iliyorudishwa mlangoni. Leo irudishwe kwa ajili ya mbwa! Khe!"

Tangu siku ile haikupita jioni bila yeye kuuliza, "Wamejibu?" Sitasema alimtaka mbwa. Alitaka jibu linalostahiki ukoo.

Jibu halikuja haraka. Kwanza nilitakiwa nimtembeze mbwa mara tatu mbele ya mtu wa chama, na matembezi hayo yalifanyika Qantab, Jumamosi asubuhi, pale mchangani kati ya majabali. Wavuvi walisimama kuniangalia, mwanamke mzima wa Kiomani mwenye baibui na mbwa mwenye mguu mbovu. Mmoja akaniuliza kwa Kiarabu kama nimempoteza mwenye mbwa. Nilimwambia mwenyewe ni mimi, na nilisema uongo huo nikiwa nimeinua kichwa. Mara ya tatu, yule saluki alitembea ubavuni pangu bila kuvutwa. Nikirudi nyumbani mama hukaa mbali nami mpaka nibadili nguo, halafu huuliza, akijifanya anachambua mchele, "Leo kala?"

Kisha likaja suala la ukuta. Saluki anaruka, kwa hiyo ukuta uwe wa mita mbili. Wetu ulikuwa mita moja na nusu. Fundi aliupandisha kwa siku kumi na mbili, nikapeleka picha, wakanijibu kuwa ukuta mzuri ila geti nalo ni fupi. Fundi akarudi. Ukaguzi wa nyumba ukapangwa ukaahirishwa, ukapangwa tena ukaahirishwa tena. Machi ikaisha. Dada akanipigia simu kuninong'oneza kuwa tiketi ya ndege imeshakatwa, Alkhamisi ya mwisho wa Aprili.

Na wakati huo wote nilikuwa mwongo wa pande mbili. Sheria ya chama ilisema mbwa lazima alale ndani penye kiyoyozi, na nikaandika atalala ndani. Mama nilimwambia atalala nje. Nilikuwa nimeweka tumaini langu kwenye stoo ya nyuma ya jiko: kwa mama ingekuwa nje, kwa chama ndani. Kulikuwa na sharti jingine pia, kwamba asiachwe peke yake zaidi ya muda wa saa nne. Mimi natoka saa moja asubuhi, narudi saa tisa. Mbele ya sharti hilo niliandika, "Kutakuwa na mtu." Mtu gani, sikumjua mwenyewe. Kumwomba mama sikuthubutu.

Mkaguzi alikuwa mama wa kigeni anayejitolea, na siku yake ya nafasi ilikuwa Ijumaa tu. Nikawapigia simu kaka zangu mmoja mmoja nikawaomba Ijumaa ile wasije kula. Halijapata kutokea. Haikupita saa moja mama akasimama mlangoni pa chumba changu.

"Umewafungia mlango nduguzo?"

"Mama, wakiona watu wengi watatukataa tena."

"Umeona wapi mtu kaenda kuposa peke yake kama mwizi? Waje wote. Hao wa chama waone tuna watu." Akachukua simu, akawaita upya mwenyewe, akawaambia na shangazi zangu wavae vizuri.

Basi mkaguzi alipoingia getini, na dada nyuma yake akiwa na yule saluki, walikuta wanaume wa ukoo wamejipanga barazani kwa kanzu na kofia, shangazi wamefukiza udi, na nyuma ya mlango wa kioo watoto tisa wamekaa kwenye mkeka. Mama alikuwa amewaambia atakayefungua mdomo hatakula biriani. Mkaguzi alisimama, akatazama faili lake, akatutazama sisi. Dada alijifunika mdomo kwa mkono. Mbwa alipita mbele ya kile kioo polepole, akawaangalia watoto, nao wakamwangalia, hakuna aliyepumua. Akaendelea na safari yake. Nilitamani niwabusu wote tisa.

Ukuta ulipita. Geti likapita. "Atalala wapi?" akauliza mkaguzi, nikampeleka kwenye stoo. Aliangalia juu, akaangalia pembeni, akatikisa kichwa. Hakuna dirisha. Nikamwambia fundi atatoboa. Akasema kwa upole kuwa basi itabidi aje tena baada ya dirisha, na sote wawili tulijua ndege imebakiza siku kumi na tatu. Nikaanza kuufunga mlango wa stoo.

"Muulize," ilisema sauti ya mama nyuma yetu. Alikuwa amekuja na bakora yake. "Majlis haifai?"

Majlis ni chumba cha kupokelea wageni wanaume, na yetu ina mlango wake wa uani, choo chake na kiyoyozi chake. Ilikuwa ya baba. Tangu afariki, miaka minne, hakuna aliyekaa mle. Kila Alkhamisi mama alinipa ufunguo nikafute vumbi, na yeye hubaki nje, hakanyagi kizingiti.

"Mama," alisema kaka yangu mkubwa, "majlis ya baba? Mbwa?"

"Mgeni kwetu hulazwa wapi? Stoo?"

"Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe," alisema kaka mdogo, na shangazi mmoja akaangua kicheko.

"Kazi tutampa. Atatulindia nyumba," mama alijibu bila kucheka. "Na mlango wa majlis hauji ndani kwangu, kwa hiyo ninaposali haninajisi. Yallah, fungua."

Mkaguzi aliingia, akawasha kiyoyozi, akapima kwa macho, akaandika. Kisha akauliza swali la mwisho, na dada akalitafsiri kwa sauti mpaka watu wa barazani wakasikia. "Anauliza, kutoka asubuhi hadi saa tisa, huyu mbwa atakaa na nani?"

Wote walinigeukia. Nilianza na lile neno langu la kwenye fomu, "Kutakuwa na..."

"Miye," alisema mama.

Akamwangalia dada kana kwamba tafsiri inachelewa. "Mwambie nna miaka sabini na tisa, siendi kokote."

Nimewahi kupandishwa cheo mbele ya watu. Sikuwahi kujivuna kama nilivyojivuna uani mle, na siyo kwa ajili yangu. Nilimtazama yule bibi mfupi mwenye bakora, aliyeogopa mbwa maisha yake yote, nikaona aibu kwamba sikuwahi hata kumuuliza. Mkaguzi alifunga faili. Alikula biriani sahani mbili, na wajukuu wakafunguliwa vinywa.

Idhini yenyewe ilichelewa siku tisa, kwa sababu mwenye kutia saini alikuwa safarini. Ofisini kwangu walipiga makofi. Saluki aliletwa Jumanne, siku mbili kabla ya ndege.

Siku za mwanzo alijibanza pembe ya mwisho ya majlis, hali, hanywi mpaka tuondoke. Mama aliweka kiti cha plastiki nje ya mlango, upande wa kivuli, akakaa pale na tasbihi yake kila siku mpaka nirudi. Aliuacha mlango wazi shibiri moja ili mbwa asikie kuna mtu. Nilimwambia joto limeanza, apumzike ndani. Akasema ameshatoa neno mbele ya watu.

Siku ya sita niliporudi, kiti kilikuwa kitupu. Nilidhani ameanguka. Nikakimbilia mlango wa majlis, nikausukuma.

Mama alikuwa amekaa mle ndani, kiyoyozi kikivuma, kwenye godoro la ukutani, mahali pa baba. Miguu ameinyoosha, mtandio umemshuka mabegani. Yule saluki alikuwa amelala sakafuni umbali wa bakora moja, mguu wake mbovu ameunyoosha vilevile, na sahani yake ilikuwa tupu. Nilisimama kizingitini, mkoba bado begani. Mama aliniona nalia.

"Funga mlango, mwanangu," alisema. "Unatutolea baridi."