Suad Ayatafutia Kwao Maneno ya Mamake

Asubuhi ya Jumatatu, ghorofani Gatina, Kawangware, Suad Fadlalla anafungua faili mpya. Chai yake haijaguswa. Mstari wa kwanza anaouandika ni anwani, ndefu kama za tovuti. Maneno yatakaa chini yake.

Kazi yake ni kuandika alama za XML zinazoiambia kompyuta kila neno lina maana gani na linahusiana na lipi. Anwani ile ndiyo huzuia kichwa cha mgonjwa kisichanganywe na kichwa cha habari.

"Ni kama jina la ukoo," anasema. "Maneno mawili yanaweza kuitwa sawa, lakini hayatoki nyumba moja."

Hadi mwaka jana, kila jioni akirudi nyumbani Kambi Muru, Kibera, alikuwa na kazi nyingine isiyo na mshahara: kukusanya maneno ya Kinubi, lugha ya mamake, Leila. Mama alimtajia huku akisuka, akicheka kwamba siku hizi hata sufuria inatafutiwa anwani.

Aprili mwaka jana, Mama Leila alipatwa na kiharusi. Kiswahili kikampotea chote, akabaki na Kinubi cha utotoni. Wodini alirudia neno moja tu: moyo. Nesi akampima mapigo, akamwita daktari, wakampima tena.

Kwa Kinubi, moyo ni maji.

Suad alifika alasiri, akitoka kazini. "Nilimkuta midomo imekauka. Nikampea maji, akakunywa, akanishika mkono. Hakuongea tena."

Kesho yake walimzika.

Hamlaumu mtu. "Nesi alisikia Kiswahili. Hata mimi ningekuwa yeye ningeshika kifua." Kinachomuuma ni kwamba saa zile alikuwa ofisini, akitenganisha maneno ya watu wengine.

Kwa miezi mingi hakuigusa faili ya Kinubi. Mbithi, wanayeketi naye meza moja, anasema alikuwa akimaliza ya ofisi na kuondoka bila kuaga. Aliyemrudisha ni mjomba wake, Shafi, aliyemwambia kwamba kina mama wanaoijua lugha vizuri wanazidi kupungua, na kwamba yeye Shafi peke yake hawezi kuyakumbuka maneno yote.

Sasa Suad huwatembelea nyumba kwa nyumba. Akimaliza, anataka kuyatoa bure kwa yeyote anayetengeneza programu za kutafsiri hospitalini.

"Sijui kama kuna mtu ataitumia," anasema. "Lakini mgonjwa akiomba maji kwa lugha yake, nataka kuwe na mahali imeandikwa kwamba anaomba maji."